Ufa Alioziba Baba

Baba yangu alipoingia nyumba ya mtu, mkono wake ulisalimia ukuta kabla mdomo haujasalimia watu. Alipitisha kiganja polepole, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe anayetaka kumnunua, ndipo akavua kofia. Watu wa kijiji chetu, Drumkeelan, walimzoea. Mama tu ndiye aliyeona aibu, akimwambia, "Malachy, kuta za watu si zako." Baba alijibu kwamba nusu ya kuta za parokia hii ni zake, wenyewe wamelala ndani tu.

Alikuwa fundi lipu. Malachy Gaffney, mtoto wa fundi lipu, aliyeanza kuchanganya mchanga na saruji akiwa na miaka kumi na minne. Mwiko wake aliurithi kwa babu. Ulikuwa umelika hadi ukawa mwembamba kama kisu cha kuparia samaki, na mtu akimwambia anunue mwingine alisema mwiko mpya hauna akili. Shule hakuipenda, na mimi nilipoiacha nikiwa na miaka kumi na sita hakunigombeza. Alisema tu, "Basi angalia. Anayeangalia naye anasoma."

Miaka ya neema ilipokuja, nchi nzima ilijenga kama vile watu watateremka kutoka mbinguni kuja kutafuta vyumba. Mjenzi mmoja alinunua shamba la Mzee Packie Shanley nyuma ya kanisa, akachora nyumba ishirini na nne, akaupa mtaa jina la Cluain Ard. Mzee Packie, kapera wa miaka sabini na kitu, hakumficha. Alimwambia waziwazi kwamba ule upande wa chini uliwahi kummeza ndama. Mjenzi akacheka, akamwaga kifusi.

Baba alipiga lipu nyumba tisa, na ile ya tisa, ya upande wa chini, akainunua yeye. Alisema ndiyo aliyoipiga vizuri kuliko zote. Ya kumi alikuwa katikati ya dari siku simu ya mjenzi ilipoacha kupokelewa. Aliimalizia ile dari hata hivyo. Lipu ikishachanganywa haingojei habari.

Baada ya hapo ni yale yaliyowapata wote. Nguzo za taa zilisimama bila taa. Barabara ilibaki bila lami ya juu, vifuniko vya chemba vimechomoza, mama akiendesha gari kwa kuvikwepa kama anayecheza dansi. Nyumba kumi na tano zilikaa bila madirisha, kunguru wakaingia. Majirani walirudisha funguo benki mmoja mmoja, hadi tukabaki nyumba mbili zenye moshi: sisi, na Bi Concepta Mulvey wa namba mbili, aliyekuwa karani wa posta kabla posta yetu haijafungwa. Pampu ya maji taka ilikufa majira ya baridi ya kwanza. Tangu hapo chemba ya mbele ya kwetu ilikuwa ikifurika kila mvua inaponyesha, na kwetu mvua haihitaji kuitwa.

Baba mdogo, Fergal, alikuwa Perth, Australia, anapiga lipu juani. Kila Jumapili alipiga simu kumwambia baba aende, kazi ipo ya kumwaga. Baba alikataa. Hesabu yake ilikuwa moja. Zile nyumba kumi na tano, ukiacha dari ya namba kumi, zilikuwa matofali matupu. Serikali ikiumalizia mtaa, kuna kazi ya miaka miwili mlangoni kwake. Isipoumalizia, atapanda ndege. Alilisema hilo mezani, mbele yetu, na mama akaendelea kukata mkate lakini vipande vilitoka vinene.

Redio ndiyo iliyoleta habari. Serikali ilikuwa imekwisha kuyaokoa mabenki, sasa ilikuwa imegeukia mitaa iliyoachwa nusu. Wakaguzi watapita nchi nzima, kila mtaa upewe daraja, la kwanza hadi la nne. Mingine itamaliziwa, mingine itavunjwa na ardhi irudie majani. Mtangazaji hakusema daraja lipi linapata nini, au alisema na sisi tukasikia neno moja tu: kuvunjwa. Mzee Packie alikuwa kwetu anakunywa chai. Alisema, "Benki ikianguka, serikali inaruka kuidaka. Fundi akianguka, wanakuja kupima shimo."

Jumapili padre akatangaza kanisani kwamba Jumanne ya wiki ile mtu wa serikali atafika Cluain Ard, na kwamba tumpokee vizuri. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini kwetu, ukishaambiwa kanisani kuwa mgeni anakuja nyumbani kwako, mwili wenyewe unajua la kufanya. Ni kama misa ya zamu. Majira ya kuchipua na majira ya majani kupukutika, misa husomwa nyumbani kwa mtu, leo huyu, safari nyingine yule, na nyumba iliyoangukiwa na zamu hupakwa rangi, mazulia hung'olewa, hata banda la kuku husuguliwa, ingawa hakuna padre aliyewahi kuingia banda la kuku. Yuko mwanamke hapa kijijini aliyemaliza kupaka rangi lango huku uchungu wa kuzaa umeshamshika. Kuishi na uchafu si aibu sana kwetu. Aibu ni mgeni auone.

Basi watu wa kijiji walikuja, ingawa mtaani kwetu hawakuishi. Wanaume walifyeka magugu. Wanawake walileta vyungu vya maua. Bi Concepta alitoa mapazia ya marehemu dada yake, akayatundika madirishani mwa nyumba zilizorudishwa benki, namba tano, sita na saba, ili zisionekane kama vipofu. Mzee Packie alikuja na trekta na lile tangi lake la kufyonzea samadi ya ng'ombe, akaifyonza chemba yetu mpaka ikakauka, akaenda kuyamwaga yale maji taka shambani kwake. Mama alimshukuru. Akasema hakuna shukrani, majani hayaulizi yametoka kwa nani. Juu ya kifuniko tukaweka pipa la maua ya manjano.

Ikabaki kazi ya baba. Upande wa nje wa sebule yetu kulikuwa na ufa. Ulianzia kwenye msingi, ukapanda kwa hatua kama ngazi hadi chini ya dirisha la chumba changu, na ndani ulionekana nyuma ya kochi. Baba alikuwa ananiita Kimya, kwa sababu siongei sana. Kila mwezi aliniita, "Kimya, lete kidole," nami niliingiza kidole changu kidogo ufani. Mwaka wa kwanza uliingia ukucha tu. Majira yale kiliingia hadi kiungo cha kwanza.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba aliziba. Alifanya kazi siku mbili, Jumapili na Jumatatu, yeye asiyewahi kufanya kazi Jumapili. Aliuchimbua ufa, akaulowesha, akaujaza, akaweka wavu, akapiga tabaka la kwanza na la pili, nje na ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikimwangalia. Alikuwa anapiga mluzi. Nilikuwa sijamsikia akipiga mluzi tangu dari ya namba kumi. Mwishoni aliulowesha mwiko wa babu na kuupitisha kwa mwendo mmoja mrefu, ukuta ukang'aa kama yai lililomenywa. Tukakoka moto kutwa ili ukauke, mama akapaka rangi ya maziwa. Baba akazima taa, akawasha, akasogeza taa ya mkono ukutani kwa ubavu kutafuta kivuli. Hapakuwa na kivuli.

Mkaguzi alikuwa dada wa miaka thelathini hivi kutoka mji mkuu, jina lake Bi Kinsella, na buti zake zilikuwa na tope kavu la mitaa mingine. Alizunguka na karatasi zake kwenye ubao. Alipouliza mbona kwenye zile nyumba zenye mapazia haoni magari, Mzee Packie alisema wenyewe wako kazini. Alisema kama utani. Yule dada hakucheka, aliandika.

Ndani alipewa chai, mkate wa magadi na nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyembamba. Akauliza kuhusu maji taka. Mama akasema yanakwenda. Akauliza tena, akitazama dirishani lile pipa la maua, kama kuna siku yanarudi juu. Mama akasema, "Hatuna la kulalamika, wapo wenye shida kuliko sisi." Bi Concepta akasema mtaa ni mtulivu, mtu analala. Yule dada akashika kalamu bila kuandika, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasimama, akaenda ukutani nyuma ya kochi, akapitisha kiganja. Vilevile anavyofanya baba.

"Kazi nzuri hii," akasema. "Ni ya nani?"

Baba akainamisha kichwa kama mtoto wa komunyo. "Ni yangu."

Kwenye lango alinikuta mimi. Akanyoosha kidole kwenye dirisha la juu, akauliza kama ndiko ninakolala, na kama kuna baridi inayopenya au unyevu. Baba alikuwa mlangoni, bado ana uso wa mtu aliyesifiwa. Nikasema hapana.

Barua ilifika mwezi wa tano. Mtaa wa Cluain Ard umepewa daraja la pili: unakaliwa, nyumba zenye watu ziko katika hali nzuri, hauhitaji fedha za dharura. Fedha za mwaka huu zinakwenda kwenye daraja la nne, mitaa ambayo watu wanaishi katikati ya hatari. Mitaa itakayovunjwa ni ile isiyo na mtu hata mmoja. Ukaguzi mwingine utafanyika baada ya miaka miwili. Mama aliisoma amesimama, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena kama vile ingeweza kubadilika. Habari zikaja kwamba mtaa wa Aghavore, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, ambako mwanamke mmoja alimpokea mkaguzi na ndoo ya maji taka mlangoni, walipata pampu mpya, taa na lami, na mafundi wa hukohuko waliitwa kazini.

Mzee Packie alikuja jioni ya siku tulipozisikia habari hizo, akaisoma barua kwa miwani ya mama. "Mficha uchi hazai," akasema, "na mimi kapera ndiye shahidi." Akacheka peke yake, halafu akaacha.

Asubuhi yake baba alichukua nyundo. Alianzia nyuma ya kochi, akaibandua lipu yake mwenyewe, vipande vinaanguka kwenye gazeti ambalo mama alikimbilia kulitandika. Nje aliibandua hadi chini ya dirisha langu. Ufa ulikuwa haukulala kule ndani. Aliniambia nilete kidole, na safari hii kilikuwa kidole cha pete. Akanipiga picha mkono wangu ukiwa mle ufani. Akapiga picha ya chemba, iliyokuwa imekwisha kufurika tena, na maua ya manjano yakielea. Mama akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, wakatuma kila kitu.

Jibu lilichukua wiki sita. Lilikuwa la heshima. Lilisema ofisi imezitazama picha, lakini ukaguzi wa mwezi wa tatu uliukuta ukuta ukiwa mzima, na uharibifu unaoonekana umefanywa kwa nyundo baada ya ukaguzi. Baba alimwomba mama arudie mahali hapo. Akarudia. "Wamesema kweli," baba akasema. "Ni nyundo." Akatoka nje, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha.

Alipiga simu ofisini, akaomba aongee na yule dada. Nilikuwa jikoni, na simu yetu ina sauti kubwa. Baba alimweleza yote, tangi la Packie, mapazia, wavu, tabaka la kwanza na la pili. Alieleza kama anayeungama. Bi Kinsella alisikiliza hadi mwisho.

"Nakumbuka ule ukuta," akasema. "Bwana Gaffney, niliwauliza. Niliuliza mara mbili."

"Uliuliza," baba akasema.

"Mngeniambia neno moja ningeliandika. Sikuja kuwahukumu."

Aliahidi kuweka maelezo kwenye jalada, na nadhani aliyaweka. Lakini fedha za mwaka zilikuwa zimeshapata wenyewe, na ngazi ya juu yake hakuna aliyetaka kuamini mtu anayebomoa nyumba yake kwa mkono wake. Baba alimshukuru. Alipokata simu alikaa akitazama viganja vyake, vyeupe kwenye mikunjo, weupe usiotoka hata kwa petroli. Akamwambia mama, "Wananiona mimi mwizi, Attracta. Wa ukuta wangu." Mama akamwekea chai. Hakuna aliyeinywa.

Jumapili iliyofuata Fergal alipopiga simu, baba hakumkatalia.

Aliondoka mwezi wa tisa. Mwiko aliufunga kwa kitambaa cha kukaushia vyombo cha mama, akauweka katikati ya nguo. Basi la uwanja wa ndege linasimama mbele ya kanisa, na Mzee Packie alikuwa pale, eti amekuja kununua gazeti. Walishikana mikono. Mzee Packie akamwambia asisahau kujipaka mafuta ya jua, Wa-Gaffney wana ngozi ya viazi vilivyomenywa. Baba akacheka. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo moja tu. Alipotoka nyumbani asubuhi ile, alipita sebuleni, akapita kando ya ukuta, na hakuugusa.

Mwezi wa kumi, zamu ya misa ikaangukia namba tisa, kwetu. Padre alimwambia mama anaweza kuipisha, watu wataelewa. Mama akasema zamu ni zamu. Alisugua sakafu kwa magoti. Alifua mapazia, akang'arisha vitasa, akaoka keki mbili za matofaa. Kochi alilisogeza upande wa pili ili watu wapate pa kupiga magoti. Ukuta hakuufanya chochote. Ulibaki na lile jeraha lake, matofali wazi, ufa katikati.

Bi Concepta alifika mapema siku ya misa, amebeba picha kubwa ya Moyo Mtakatifu, yenye fremu, kutoka kwake. Alikuwa amekwisha kupima kwa macho. Akasema itatosha kabisa, na misumari anayo.

"Acha, Concepta," mama akasema. "Waone."

"Padre naye?"

"Naye."

Waliingia wakiwa na viatu vyao vya Jumapili, wakikwepa maji taka yaliyokuwa yamefika kwenye ngazi ya mlango, pua zao zinajifanya hazisikii kitu. Watu ishirini na wawili. Meza ya jikoni ilikuwa altare, na ilikaa mbele ya ule ukuta, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine. Kwa hiyo kila aliyeinua macho kumtazama padre aliuona. Wale waliofyeka magugu waliuona, na wale walioleta vyungu vya maua. Katika maombi padre alitaja walio safarini. Mama hakulia. Alikuwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha.

Baada ya misa walikunywa chai wamesimama. Kwa kawaida watu husifu nyumba. Siku hiyo hakuna aliyejua pa kuanzia, basi walisifu keki. Mzee Packie alikwenda ukutani na kikombe chake, akachungulia ufani, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule ndama aliyemezwa alikuwa wa rangi ya kahawia.

Simu ililia wanawake wakiwa wanaosha vikombe. Alikuwa baba, ametoka kazini, kwake jua linatua. Mama akaiweka mezani sauti wazi, pale palipokuwa altare. Baba aliuliza misa ilikuwaje, watu walitosha, keki iliiva. Halafu akauliza kama kawaida, "Mko salama?"

"Sala—" mama akaanza. Akawatazama wanawake wenye vitambaa vya vyombo mikononi. "Hapana, Malachy. Hatuko salama. Maji yamefika mlangoni. Na ukuta unakwenda."

Kule yalisikika magari yakipita. Jikoni, Bi Concepta alifunga bomba.

"Kimya yupo?" baba akauliza.

Nikasema nipo.

"Lete kidole."

Nikaenda ukutani na simu mkononi, watu wakanipisha. Cha kidogo kiliingia chote bila kugusa pande. Cha pete pia.

"Kipi?" akauliza.

"Gumba, baba."

Nyuma yake nilimsikia mwanaume akimwita, kwa jina fupi ambalo sisi hatumwiti. Akajibu kwamba anakuja. Lakini hakukata simu, na mimi sikutoa kidole.